Mbona hatuna antibayotiki ya chura mpaka leo?

Swali la msomaji: "Daktari, habari za kazi. Kila mara nakutana na habari kwamba ngozi ya chura imejaa peptidi zinazoua hata bakteria sugu, na kwamba jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1980. Kama ni kweli, mbona dawa yenyewe hatuioni? Kuna watu wanaizuia? Nauliza pia kwa sababu rafiki yangu amealikwa kwenye kikao cha kupakwa ute wa chura wa Amazoni ili 'kusafisha mwili'. Anasema hizo ni peptidi zilezile, tena za asili, kwa hiyo hazina madhara."

Ndugu yangu, nianze na la rafiki yako kwa kifupi kwa sababu ndilo la haraka: mwambie asikubali chochote kabla hajasoma jibu hili hadi mwisho. Ngozi ya chura ina makundi mawili makubwa ya peptidi. Moja kazi yake ni kuua vijidudu. Jingine kazi yake ni kuuvuruga mwili wa mnyama anayetaka kumla chura. Ulizoziuliza wewe ni za kundi la kwanza. Zitakazomwangusha rafiki yako ni za kundi la pili. Upotoshaji mwingi ninaouona kuhusu chura unatokana na kuyachanganya haya mawili.

Tuanzie kwenye ngozi yenyewe. Chura hupumua kwa ngozi, hunywa maji kwa ngozi, na kwa ngozi hiyohiyo husawazisha chumvi ya mwili. Kwa hiyo hawezi kuwa na magamba wala manyoya. Ngozi yake lazima iwe nyembamba na yenye unyevu saa zote. Mnyama wa namna hiyo, anayeishi kwenye matope na maji yaliyotuama, angepaswa kuwa karamu ya bakteria na fangasi. Kinga yake imo kwenye tezi. Zipo tezi za ute wa kawaida, zinazoifanya ngozi iteleze, na zipo tezi kubwa zaidi zilizojaa chembechembe, ambazo ndizo ghala la peptidi. Kila tezi ya chembechembe imevikwa tabaka la seli zinazojikaza kama msuli. Chura akibanwa au akijeruhiwa, mishipa ya fahamu hutoa noradrenalini, kemikali ya kupeleka ujumbe wa hatari, seli zile hujikaza, na tezi hukamuliwa kwa mpigo mmoja. Papo hapo mgongo hufunikwa na ute mweupe, mzito. Maabara hutumia njia hiyohiyo: chura hudungwa noradrenalini kidogo, au hupitishiwa umeme hafifu, kisha ute husuuzwa kwa maji na kukusanywa, na chura huachwa akiwa mzima. Zamani haikuwa hivyo. Walikuwa wakiua vyura kwa wingi na kukausha ngozi zao.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani protini ndogo. Nyingi za chura zina asidi amino kati ya 10 na 50. Huandikwa kwenye jeni, hutengenezwa kwanza kama mnyororo mrefu, kisha vimeng'enya hukata sehemu ya mwisho ambayo ndiyo peptidi yenyewe. La ajabu ni kwamba sehemu ya mbele ya mnyororo huo hufanana sana kutoka spishi moja hadi nyingine, lakini ile ya mwisho hubadilika kupita kiasi, hata vyura wawili wa karibu kiukoo wanaweza wasiwe na peptidi hata moja inayofanana kabisa. Ndiyo maana orodha ya peptidi hizi haina dalili ya kwisha.

Niondoe na mkanganyo mwingine hapa. Vyura wadogo wa rangi kali wa Amerika ya Kati na Kusini, ambao sumu ya baadhi yao ilipakwa kwenye mishale, hawategemei peptidi. Sumu zao ni alkaloidi, kemikali za aina nyingine kabisa, na hawazitengenezi wenyewe. Huzipata kwa kula sisimizi na utitiri. Wakifugwa na kulishwa wadudu wa maabara, watoto wao hukua bila sumu. Vyura wenye ngozi kavu yenye vinundu nao wana sumu zinazoshambulia moyo, na hizo pia si peptidi. Mtu akikuandikia kwamba "sumu ya chura" ni kitu kimoja, ujue hajui anachokiandika.

Sasa kundi la homoni. Jina la kukumbuka hapa ni Vittorio Erspamer, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1909. Miaka ya 1930 alikuwa tayari ametenga dutu kutoka utumbo ambayo baadaye ulimwengu uliijua kama serotonini. Kisha akageukia ngozi za chura, na akazichunguza za mamia ya spishi kutoka mabara mbalimbali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kikundi chake kilieleza seruleini, peptidi ya asidi amino 10 kutoka chura wa kijani wa mitini wa Australia, Litoria caerulea. Walipoilinganisha na homoni za mamalia walikuta kwamba asidi amino tano za mwisho ni zilezile kabisa za kolesistokinini, homoni ambayo utumbo wetu hutoa baada ya chakula chenye mafuta ili kuukamua mfuko wa nyongo na kuiamsha kongosho. Chura wa Australia alikuwa na ufunguo wa tumbo la binadamu mgongoni mwake.

Seruleini ilitumika hospitalini, katika vipimo vya mfuko wa nyongo. Leo kazi yake kubwa ni ya maabara: panya akidungwa seruleini kwa wingi kila saa kwa saa kadhaa, kongosho yake huanza kujimeng'enya yenyewe, na watafiti hupata mfano wa ugonjwa wa kongosho wa kuchunguza. Kumbuka jambo hilo tutakapomrudia rafiki yako.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Erspamer na wenzake walieleza bombesini, ya asidi amino 14, kutoka chura wa Ulaya mwenye tumbo jekundu, Bombina bombina. Ilipowekwa kwa mamalia ilichochea tumbo kutoa gastrini, homoni inayoongeza asidi. Swali likawa: kama tumbo la mamalia linaiitikia bombesini, si lazima liwe na bombesini yake? Wakatafuta, na ndivyo ilivyopatikana kwenye tumbo la nguruwe peptidi ya mamalia inayochochea gastrini. Vipokezi vya familia hiyo, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, vilikuja kuonekana kwa wingi kwenye seli za saratani kadhaa, ikiwemo ya tezi dume, na peptidi zilizoundwa kwa kuiga bombesini na kuwekewa mnururisho zimekuwa zikifanyiwa kazi kama njia ya kuonyesha uvimbe ulipo. Kwa maoni yangu hapa ndipo chura alipotufaa kuliko mahali pengine popote, na halisemwi vya kutosha: alituonyesha homoni na vipokezi vyetu wenyewe ambavyo hatukujua tunavyo.

Nikiulizwa peptidi moja ninayoipenda, nitataja dermorfini, iliyoelezwa mwaka 1981 kutoka Phyllomedusa sauvagii, chura wa mitini wa Amerika Kusini. Ni asidi amino saba tu. Hukamata kipokezi kilekile cha mofini, na kwa kipimo sawa ina nguvu mara nyingi zaidi ya mofini. Siri iko kwenye asidi amino ya pili, alanini. Asidi amino karibu zote huweza kuwa na maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na protini za wanyama hutengenezwa kwa umbo moja tu. Alanini ya dermorfini ni ya umbo la pili. Jeni ya chura huandika alanini ya kawaida, mnyororo hutengenezwa kikawaida, kisha kimeng'enya huja na kuigeuza. Ukiitengeneza dermorfini maabara na kuiacha alanini ya kawaida, nguvu yake yote hupotea. Wakati huo wanakemia hawakutarajia kabisa kukuta kitu cha namna hiyo kwenye peptidi ya mnyama mwenye uti wa mgongo. Walioichangamkia baadaye hawakuwa wanasayansi peke yao: mwaka 2012 dermorfini ilibainika kwenye farasi wa mashindano nchini Marekani, imetumiwa ili wakimbie bila kusikia maumivu.

Chura ana haja gani na homoni za tumbo na za ubongo za wanyama wengine? Mfikirie nyoka anayembana kinywani. Ute unaingia mdomoni mwake ukiwa na dawa ya kutapisha, ya kushusha shinikizo la damu na ya kuvuruga misuli, vyote kwa pamoja. Majaribio yaliyofanywa na chura wa kucha wa Afrika, Xenopus laevis, yalionyesha nyoka aliyemkamata akianza kupiga miayo na kuachama asiweze kufunga kinywa, na chura akatoka zake.

Tufike kwenye kundi la wauaji. Bombina huyohuyo alikwishatoa bombinini karibu mwaka 1970, peptidi inayoua bakteria, lakini ilipasua pia chembe nyekundu za damu na watu wachache waliijali. Kilichowasha moto ni kazi ya Michael Zasloff, daktari na mtafiti katika taasisi za taifa za afya za Marekani. Alikuwa akitumia mayai ya Xenopus kwa utafiti wa jeni, jambo lisilohusiana na maambukizi hata kidogo. Chura alipasuliwa, akatolewa mayai, akashonwa, akarudishwa kwenye tangi la maji yasiyo safi. Vidonda havikuoza. Zasloff akajiuliza kwa nini, akaisaga ngozi, na mwaka 1987 akachapisha peptidi mbili alizoziita magainini, kila moja ya asidi amino 23.

Iangalie magainini ya pili kwa karibu. Ina lisini nne, nazo hubeba chaji chanya. Zimekaa nafasi ya 4, ya 10, ya 11 na ya 14. Kwenye maji mnyororo huu umelegea, hauna umbo. Ukiugusa utando wa bakteria, hujisokota kuwa hesi, yaani umbo kama la springi, na kwa kuwa kila mzingo wa hesi hutumia asidi amino 3.6, zile zilizotenganishwa na hatua tatu, nne au saba hujikuta upande mmoja. Lisini zote nne hukusanyika upande mmoja, na zile zinazopenda mafuta hukaa upande wa pili. Tayari ni silaha: upande wenye chaji chanya huvutwa na uso wa bakteria, wenye chaji hasi, na upande wa mafuta huzama ndani ya utando. Zikijazana za kutosha, utando hutoboka, na bakteria hufa kwa dakika chache. Seli zetu kwa nje hazina chaji hasi nyingi kiasi hicho, na zina kolesteroli inayoukaza utando, kwa hiyo magainini huzipita bila kuzigusa sana. Uzuri wake ni kwamba haishambulii protini moja ambayo bakteria angeweza kuibadilisha usiku mmoja. Inashambulia utando mzima.

Ukisoma hapo utaelewa kwa nini watu walisisimka. Kampuni ikaundwa, na ikatengeneza pexiganani, nakala iliyorekebishwa yenye asidi amino 22, ya kupaka kama krimu kwenye vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari vilivyoambukizwa. Miaka ya 1990 ililinganishwa na vidonge vya ofloksasini, antibayotiki ya kawaida, katika majaribio mawili makubwa. Matokeo yalikaribiana. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikataa: haikuwa imethibitika kuzidi kilichokuwepo tayari. Kampuni nyingine ikaifufua, ikafanya majaribio mapya, na mwaka 2016 majibu yakatoka kwamba krimu hiyo haikufanya vizuri kuliko krimu tupu. Hakuna aliyeizuia, ndugu yangu. Ilipewa nafasi mara mbili, kwa fedha nyingi, ikashindwa kwa wagonjwa.

Kwa nini kitu kinachoua bakteria kwenye bomba la maabara kishindwe kwenye kidonda? Kidonda kina usaha, na usaha umejaa vimeng'enya vinavyokata peptidi vipande vipande. Kina chumvi na protini za damu, ambazo hupunguza nguvu ya peptidi nyingi za aina hii. Ukiimeza, tumbo litaimeng'enya kama nyama. Ukiidunga kwenye mshipa, figo na vimeng'enya vitaiondoa haraka, na ukiongeza kipimo ili ifidie, unakaribia kile kiwango kinachoanza kupasua chembe nyekundu. Kuitengeneza kwa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine kunagharimu mno kuliko kuvuna antibayotiki ya kawaida kutoka kwa vijidudu vinavyokuzwa kwenye mapipa.

Lakini sababu kubwa, nionavyo mimi, ni kwamba tuliiga silaha bila kuiga namna inavyotumiwa. Chura hamwagi peptidi moja. Humwaga mchanganyiko wa nyingi, kwa wingi mkubwa sana, kwenye utando mwembamba wa ute juu ya ngozi yake, kwa muda mfupi, na nyingine zinasaidiana hata mchanganyiko ukazidi jumla ya nguvu za kila moja. Sisi tulichukua moja, tukaizimua kwenye krimu, tukaitaka ifanye kazi kwa wiki nzima ndani ya nyama iliyooza. Kazi hiyo chura mwenyewe hajawahi kuifanya.

Kuna na suala la usugu. Zasloff aliamini ingekuwa vigumu sana kwa bakteria kuzoea peptidi zinazoshambulia utando. Wanabiolojia wa mageuko, hasa Graham Bell wa Chuo Kikuu cha McGill, hawakukubali. Wakafanya jambo ambalo watafiti wengi wangelikwepa: walishirikiana, wakalipima. Walikuza bakteria wa aina mbili pamoja na pexiganani, wakiongeza kipimo taratibu, kwa vizazi 600 hadi 700. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: kati ya koo 24 za bakteria walizokuza, 22 zilikuwa sugu. Jina la Zasloff limo miongoni mwa waandishi, na hilo mimi namheshimu nalo. Wasiwasi wa Bell ulikuwa mzito zaidi ya dawa moja kushindwa. Ngozi na utumbo wetu navyo vina peptidi za namna hii, na bakteria aliyefundishwa kuishinda ya chura huenda akajua na kuishinda ya kwetu.

Chura mwenyewe silaha hii haimhakikishii maisha. Fangasi aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis hushambulia ngozi hiyohiyo. Maabara, peptidi kadhaa za chura humzuia fangasi huyu. Porini, tathmini iliyochapishwa mwaka 2019 ilihusisha ugonjwa wake na kupungua kwa spishi 501 za amfibia, ambazo 90 kati yake zinadhaniwa zimetoweka kabisa. Kila spishi inapotoweka, inaondoka na mkusanyiko wake wa peptidi ambao hakuna mwingine anao.

Utafiti bado unaendelea, na habari njema zipo, ila zisome kwa kipimo. Mwaka 2017, kwa mfano, ilitangazwa urumini, kutoka chura wa Kerala nchini India, Hydrophylax bahuvistara. Inaharibu virusi vya mafua vya kundi la H1, na iliwasaidia panya kupona. Ila makundi mengine ya mafua haiyagusi, na kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa ni safari ileile iliyoishinda pexiganani. Kichwa cha habari kikisema "chura atibu mafua", soma aya ya nne.

Haya, rafiki yako. Ute anaouzungumzia kwa kawaida huitwa kambo, nao ni wa Phyllomedusa bicolor, chura mkubwa wa mitini wa Amazoni. Watu wa huko, Wamatsés wakiwemo, wameutumia vizazi na vizazi, hasa wawindaji, kwa utaratibu wao na wajuzi wao. Ute hukaushwa kwenye kijiti. Ngozi ya mtu huunguzwa vidoa vidogo, na ute uliolainishwa hupakwa kwenye majeraha hayo ili uingie moja kwa moja mwilini. Angalia yaliyomo: filoseruleini, ndugu wa ile seruleini ya kongosho, inayotibua tumbo, filomedusini na filokinini, zinazolegeza mishipa ya damu na kushusha shinikizo, sauvajini, inayogusa mfumo wa homoni za msongo, dermorfini na deltorfini, za familia ya kuigiza mofini. Ndani ya dakika chache moyo hukimbia, uso huwaka na kuvimba, mtu hutapika na wakati mwingine huharisha. Hakuna uchafu unaotoka. Ni mwili wa binadamu kutendewa kile alichokusudiwa nyoka.

Kwamba ni za asili si hoja. Hata sumu ya swila ni ya asili, na sehemu kubwa yake ni peptidi na protini. Watu wamekufa baada ya vikao hivi. Brazili ilipiga marufuku kuutangaza ute huu mwaka 2004, na Australia iliuweka mwaka 2021 kwenye orodha ya vitu hatari visivyoruhusiwa. Hatari mojawapo haitoki hata kwenye ute: washiriki huambiwa wanywe maji mengi mno kabla ya kupakwa. Maji yale, pamoja na kutapika na homoni zilizovurugwa, hushusha sodiamu ya damu hadi ubongo ukavimba, na mtu huanguka kifafa hata saa kadhaa baada ya wengine kudhani ameshapona.

Kama ana ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kifafa au ugonjwa wa figo, kama ni mjamzito, au kama anatumia dawa za sonona au za shinikizo, asithubutu. Asiye na lolote kati ya hayo ushauri wangu kwake ni uleule: asiende. Na ikitokea ameshaenda, kisha akaanza kuumwa kichwa vibaya, kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kawaida au kutetemeka mwili, msimpe maji zaidi. Mpelekeni hospitali upesi, mwambieni daktari wa zamu bila aibu alipakwa nini na alikunywa lita ngapi, na ombeni sodiamu ya damu ipimwe kabla hajawekewa dripu yoyote.